Mazungumzo ya Nyumbani: Tiba ya Maneno Yataka Siku Zake

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na habari za maji safi na matumbo ya watoto, kama tulivyoahidi. Walakini imetufikia barua moja ambayo hatukuona vema kuiacha ingoje zamu yake. Basi habari za maji zitakuja mwezi ujao, Mungu akipenda, na leo tuitazame barua hii.

Aliyeiandika ni mke wa mwalimu. Jina lake hatulitaji wala mji wake, kwa kuwa siri ya nyumba ni ya wenye nyumba. Asema kwamba tangu mumewe alipomzika mdogo wake mwaka jana, hakurudi kuwa mtu yule aliyemjua. Usiku huamka saa tisa asipate tena usingizi hata jogoo awike. Chakula hukigusa tu. Watoto aliokuwa akicheza nao huwakemea kwa jambo dogo, kisha hujuta peke yake. Darasani wanafunzi wamemwona amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, kama mtu aliyesahau alilotaka kuandika. Walikwenda hospitali, daktari akampima, asione ugonjwa wa mwili. Akawaambia kwamba maradhi haya huitwa sonona, nayo ni maradhi kweli kama homa ilivyo maradhi. Akampeleka kwa mshauri wa mambo ya akili, ambaye kila juma mwalimu huyu huketi naye kadiri ya saa moja wakazungumza.

Sasa amekwenda mara nne. Usingizi bado. Nauli imekula fedha ya sare za watoto. Ndugu wa mume wameanza kusema, "Dawa gani hii isiyo na kidonge wala sindano? Mtu alipe nauli akazungumze, kwani nyumbani hakuna watu wa kuzungumza nao?" Tena mara ya nne alirudi akiwa amelia, macho mekundu, akalala bila kula, mke aona kwamba alirudi vibaya kuliko alivyokwenda. Basi atuuliza: Je, tuache?

Barua hii tumeisoma mara tatu, na kila mara tumeona haya nafsini mwetu. Sababu ya haya hiyo tutaieleza kabla ya kumaliza.

Dada yetu mpenzi, kabla hatujasema mwache au msiache, twataka kukuuliza neno moja. Siku ile mlipofunga mlango mkaenda mara ya kwanza, mlitazamia nini? Hatuulizi kwa kukulaumu. Twauliza kwa sababu mtu hupima safari kwa kadiri alivyoambiwa urefu wake. Aliyeambiwa kwamba mji u karibu, akitembea saa mbili asiuone, husema amepotea. Na aliyeambiwa kwamba ni mwendo wa siku mbili, saa hizo mbili huzihesabu faida. Njia ni ile ile, na miguu ni ile ile.

Sisi sote tumezoea dawa ya malaria: vidonge vya siku tatu, na siku ya nne wengi huamka wana nafuu. Kwa hiyo tukisikia neno "tiba" mioyo yetu huhesabu siku tatu. Lakini hata vidonge vya sonona, ambavyo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa, havifanyi kazi siku ile vinapomezwa. Hutaka majuma kadhaa ndipo mtu aone tofauti. Sembuse tiba ya maneno, ambayo mgonjwa hamiminiwi kitu kutoka nje, bali ndiye mwenyewe anayefanya kazi.

Walimu miongoni mwa wasomaji wetu watatufahamu upesi, maana tiba hii yafanana na kazi yao kuliko kazi ya mwuza dawa. Mgonjwa hujifunza. Hujifunza kuyatambua mawazo yanayomjia saa tisa ya usiku, na kuyauliza kama ni kweli au si kweli. Hujifunza kuyarudia kidogo kidogo mambo aliyoyaacha: kuoga asubuhi, kuketi na wenzake, kutembea hata mtoni. Hujifunza kuitaja huzuni yake kwa jina mbele ya mtu asiyeshtuka. Basi ni mwalimu gani aliyefundisha irabu siku ya Jumatatu akatazamia mtoto asome kitabu siku ya Ijumaa? Twajua jinsi ilivyo. Mtoto huganda juma zima kwenye silabi moja, hata mwalimu akakata tamaa. Kisha siku moja asoma mstari mzima. Huja likizo, akasahau nusu. Hurudi, akayapata tena upesi kuliko mara ya kwanza. Wala hatusemi kwamba shule imeshindwa kwa sababu ya likizo moja.

Tangu mwanzo wake tiba hii imesumbuliwa na simulizi zilizokuwa nyepesi kuliko mambo yenyewe. Tuwasimulie habari moja, kwani ni ya kweli.

Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, alikuwako binti mmoja jina lake Bertha Pappenheim, aliyezaliwa mwaka 1859. Mwaka 1880 baba yake aliugua, naye binti akamwuguza usiku baada ya usiku, hata mwenyewe akaugua ugonjwa wa ajabu. Alikohoa pasipo sababu, mkono ukapooza, na lugha yake ya Kijerumani ikamtoka, akawa anasema Kiingereza tu. Mwaka 1881 baba alikufa, na hali ya binti ikazidi kuwa mbaya. Tabibu wake, Josef Breuer, aliona kwamba binti akisimulia jinsi dalili fulani ilivyoanza, dalili ile hupungua. Binti mwenyewe akayaita mambo hayo kwa Kiingereza "matibabu ya kusema". Mwaka 1895 Breuer na mwenzake Sigmund Freud walichapa kitabu wakaieleza habari hiyo, wakimwita binti kwa jina la Anna O. Breuer aliandika kwamba ulipita muda kabla binti hajatulia, kisha akawa mzima kabisa. Wasomaji wengi wakalishika lile neno la mwisho, wakaliacha lile la kwanza.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1972, mwanahistoria Henri Ellenberger alitoa habari za hati alizozipata za hospitali ya Kreuzlingen, katika nchi ya Uswisi. Hati hizo zaonyesha kwamba mwezi Julai mwaka 1882, mara baada ya Breuer kumaliza kazi yake, binti yule aliingizwa katika hospitali hiyo akiwa mgonjwa bado. Tena hata mwaka 1887 alirudi hospitalini zaidi ya mara moja. Ule muda uliotajwa kwa maneno machache kitabuni ulikuwa miaka.

Je, basi mambo yake yaliishia hapo? Hata kidogo. Binti yule alihamia Frankfurt pamoja na mama yake, akasimamia nyumba ya watoto yatima wa kike, akaandika vitabu, na mwaka 1904 akaanzisha chama cha wanawake wa Kiyahudi katika Ujerumani. Mwaka 1907 alifungua makao huko Neu-Isenburg ya wasichana waliokuwa hatarini na akina mama wasio na waume. Aliifanya kazi hiyo hata kufa kwake mwaka 1936. Hatusemi kwamba maneno ya Breuer ndiyo yaliyoyafanya haya yote. Twasema hivi tu: aliyemtazama mwaka 1882 angesema hana tumaini, na aliyesoma neno la mwisho la kitabu angedhani alipona kwa wepesi, nao wote wawili wangekosa. Kati ya kukata tamaa na kuahidi makuu iko njia ya tatu, ndiyo tunayoitafuta leo.

Na wataalamu wa baadaye wamejaribu kuipima njia hiyo. Mwaka 1986 Kenneth Howard na wenzake katika Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 2,400, iliyokusanywa katika uchunguzi wa miaka 30. Waliona kwamba baada ya vikao 8 vya kila juma, kadiri ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamepata nafuu inayoweza kupimwa. Na baada ya vikao 26, robo tatu. Tazama, dada yetu: vikao vinne havijafika hata pale ambapo nusu ya watu huona nafuu. Tena nafuu ni nafuu, si kupona. Mwaka 2001 Michael Lambert na wenzake walihesabu kwa kipimo kigumu zaidi, yaani mgonjwa afike kwenye hali iliyo kama ya watu wazima wa afya; wakaona kwamba yataka kadiri ya vikao 20 ndipo nusu ya wagonjwa wafike hapo. Hesabu hizi ni za watu wengi wa nchi nyingine na wa maradhi mbalimbali, wala si saa ya ukutani ya mume wako. Wako wanaopata nafuu katika juma la tatu, na wako wanaokawia. Lakini zatufundisha kipimo: twahesabu kwa miezi, hatuhesabu kwa siku.

Liko na jambo la pili, ambalo wengi hawalijui, nalo laweza kuwaokoa na huzuni nyingi. Nafuu haiji yote pamoja. Huja kwa utaratibu. Howard huyo na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba kwa kawaida kuna hatua tatu. Kwanza hurudi tumaini: mgonjwa hulala vilevile vibaya, ila sasa aona kwamba lipo la kufanya. Pili hupungua dalili: usingizi, hamu ya chakula, machozi, hofu. Tatu, na mwisho kabisa, hutengenezeka maisha yenyewe: kazi, ndoa, subira na watoto. Kwa hiyo mke anayengoja mumewe acheke na watoto katika juma la nne, angoja tunda la tatu mti ukiwa katika ua la kwanza. Mtazame kwa jicho lingine. Je, siku ya kwenda kwa mshauri huvaa viatu mwenyewe bila kusukumwa? Je, ametaja jina la marehemu, ambalo mwaka mzima hakulitaja? Je, amesema hata mara moja, "Juma lijalo nitamwuliza jambo hili"? Mambo hayo hayaonekani kwa majirani, walakini ndiyo mlango.

Na yale machozi ya mara ya nne? Hatuwezi kuyahukumu kutoka mbali, lakini hatuyaogopi upesi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu aliyefunika jipu mwaka mzima, siku linapofunuliwa huumia kuliko jana. Mara nyingi mgonjwa anapoanza kulisema lile lililomlemea, hurudi nyumbani amechoka kama aliyelima shamba, na siku moja au mbili moyo wake huwa mzito. Ikiwa baada ya siku hizo hutulia, hilo ni jambo la kazi. Lakini ikiwa kila juma huwa chini kuliko juma lililotangulia, hilo ni jambo jingine, na tutalisema hivi punde. Nafuu hupanda na kushuka kama maji ya pwani: wimbi moja huja mbele, jingine hurudi nyuma, na mwenye kutazama wimbi moja tu hawezi kujua kama maji yajaa au yakupwa. Yafaa atazame alama mchangani kwa muda.

Huenda ndugu wa mume wakasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Basi tuwapeleke Harare, katika Zimbabwe. Huko watu wa lugha ya Kishona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Ugonjwa wenyewe waliujua kabla ya daktari yeyote kuupa jina. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, kwa kuwa madaktari wa akili katika nchi ile walikuwa wachache mno, alianza kazi katika mtaa wa Mbare pamoja na akina bibi 14. Bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hamwambii, "Nitakuondolea huzuni yako." Humsikiliza ataje shida zake zote, kisha humwomba achague moja tu, na juu ya hiyo moja wakatafuta hatua moja iwezekanayo, aende akaijaribu, arudi aseme ilivyokuwa. Vikao ni sita.

Kazi hiyo ilipimwa katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yakachapwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya watu 100 waliopata huduma ya kawaida, 50 walikuwa na dalili za sonona. Na kati ya 100 walioketi benchini, 14 tu. Ni ushindi mkubwa. Walakini twawaomba msiwasahau wale 14. Waliketi kwenye benchi lile lile, na bado hawakupona kwa wakati huo. Hawakuwa wavivu wala watu wabaya. Walihitaji zaidi, au walihitaji kitu kingine. Tiba njema isiyomfaa kila mtu bado ni tiba njema, na mtu ambaye haikumfaa bado ni mtu mwema.

Tena jifunzeni kwa akina bibi wale kiasi cha kutazamia. Shida moja, hatua moja. Tiba ya maneno haimfufui marehemu, hailipi deni la duka, wala haimgeuzi bosi mkali kuwa mpole. Mwanamke apigwaye nyumbani hahitaji kufundishwa kuvumilia kipigo. Ahitaji usalama kwanza. Huzuni ya mume wako juu ya ndugu yake haitaondoka yote, wala haipasi iondoke yote, kwa maana alimpenda. Tunachokitazamia ni kwamba huzuni iketi mahali pake katika nyumba, isiketi juu ya kifua chake usiku kucha.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana hatutaki mtu aseme kwamba tumewafundisha kungoja tu kama jiwe. Subira isiyo na kipimo nayo ni hatari. Mwaka 2005 ilichapwa habari ya uchunguzi mmoja wa Marekani: washauri waliulizwa, katika wagonjwa 550, ni wangapi watakaomaliza wakiwa vibaya kuliko walivyoanza. Wakawataja 3. Mwishowe walionekana 40. Maana yake mshauri ni mwanadamu, hupenda kutumaini mema, na huenda asione kwamba mgonjwa wake ashuka. Kwa hiyo msingoje aone mwenyewe, mwambieni. Si utovu wa adabu. Mgonjwa akisema, "Bwana, tumekutana mara nane na mimi sioni tofauti," amefanya kazi yake, na mshauri aliye mwema atamshukuru.

Njia iliyo rahisi ni kupima kwa maandishi. Hospitali nyingi hutumia karatasi ya maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita: usingizi, chakula, uchovu, huzuni na mengineyo. Jumla yake ni toka 0 hata 27, na kadiri jumla ilivyo kubwa ndivyo ugonjwa ulivyo mzito. Kushuka kwa alama 5 huhesabiwa kuwa nafuu ya kweli. Tuseme mtu alianza na 19, na baada ya miezi miwili ana 13. Yeye mwenyewe atasema, "Bado ni mgonjwa," naye asema kweli. Lakini karatasi yasema, "Umetoka mbali," nayo yasema kweli pia. Mwombeni mshauri awapimie hivi mwanzoni na kila baada ya majuma machache, na alama mziandike nyuma ya kalenda. Moyo ulio mgonjwa ni mwandishi mbaya wa hesabu: huandika hasara zote, faida huzisahau.

Ikiwa baada ya vikao nane au kumi alama hazikushuka hata kidogo, ulizeni mambo matatu. Je, ugonjwa umetambuliwa sawasawa, au kuna kitu cha mwili kilichofichika? Je, namna ya tiba ibadilishwe, au vidonge viongezwe pamoja na mazungumzo? Je, mgonjwa aweza kusema mbele ya mshauri huyu pasipo hofu, au afaa kupelekwa kwa mwingine? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kubadili mshauri si kushindwa kupona.

Na neno moja halina kungoja kabisa. Mgonjwa akisema kwamba ataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, msihesabu vikao wala msingoje siku ya miadi. Mwulizeni waziwazi kama awaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, ondoeni sumu na kamba na visu karibu naye, mkampeleke hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

Kwa wenye nyumba twaongeza shauri dogo. Msimwulize mgonjwa kila akirudi, "Je, umepona?" Swali hilo, ijapokuwa latoka katika upendo, humfanya aone kwamba anadaiwa. Afadhali kumwambia, "Pole na safari, maji ya kuoga yako tayari." Msimwulize yaliyosemwa ndani, akitaka atasimulia. Fedha ya nauli itengwe mapema, isiombwe kila juma kama sadaka, wala watoto wasisikie kwamba sare zao zimeliwa na ugonjwa wa baba. Ikiwa fedha haitoshi kabisa, mwambieni mshauri. Pengine mwaweza kuonana kila baada ya majuma mawili, au kwa simu. Afadhali kwenda kwa uchache kuliko kuacha kimyakimya.

Sasa tulipe deni letu, tuseme kwa nini tuliona haya.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yetu mmoja, kijana fundi seremala, alinusurika katika ajali ya basi. Mwili ukapona, ila hakuweza tena kupanda gari; akilisikia likinguruma tu, jasho humtoka na moyo humwenda mbio. Sisi ndisi tuliomshauri aende kwa mshauri, na hilo hatulijutii. Lakini tulipomwona anasitasita, tulitaka kumtia moyo, tukamwambia, "Nenda, ndugu yetu, kwa mwezi mmoja utakuwa kama zamani." Neno hilo hatukulipata kwa mtu yeyote, tulilibuni pale pale mlangoni, kwa kuwa lilikuwa tamu.

Alikwenda. Mshauri alimwongoza hatua kwa hatua: kwanza kusimama karibu na gari, kisha kuketi ndani likiwa limezimwa, kisha kwenda nalo hata kituo cha kwanza. Mwezi ulipokwisha aliweza kufika sokoni kwa daladala, akitetemeka. Sisi leo twaona kwamba ilikuwa kazi kubwa ya ajabu. Yeye hakuona hivyo, kwa sababu tulikuwa tumempa kipimo kingine. Alitujia jioni akasema, "Kama wengine hupona kwa mwezi, basi mimi ndimi niliyeharibika." Akaacha. Karibu miaka miwili alikwenda kwa miguu, akapoteza kazi zake zote za mjini. Haukuwa ugonjwa peke yake uliomnyang'anya kazi hizo; ilikuwa na ahadi yetu.

Baadaye alirudi kwa mshauri mwingine, naye huyo alimwambia tangu siku ya kwanza, "Itakuwa miezi, na utarudi nyuma mara kadhaa, na ukirudi nyuma uje uniambie." Ikawa miezi mitano. Leo husafiri. Bado huketi karibu na mlango, na mvua ikinyesha hushuka akangoja ikatike. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika habari hii alicheka, akasema, "Andikeni, lakini andikeni na ule mlango."

Basi, dada yetu, jibu letu ndilo hili. Msiache kwa sababu ya mara nne. Mwende hata mara ya nane, mkiwa mmempa mshauri habari ya machozi na ya usingizi, na alama mkiziandika. Kisha mketi wawili, mume na mke, mzitazame alama pamoja, mkate shauri. Mwambie mumeo kwamba hakuna anayemngoja apone upesi. Na ndugu wakiuliza ni dawa gani isiyo na kidonge, waambie ni dawa ya namna ya shule, nao wote wajua miaka waliyokaa shuleni.

Utuandikie tena baada ya miezi miwili, hata kama habari si njema. Wasomaji wengine nao watuandikie. Mwezi ujao, maji safi. Wasalaam.